Stoo moja au stoo sita? Msimbo wa Google na bando zetu za Kitale

Hebu fikiria mahindi ya Trans Nzoia. Unaweza kuyapeleka yote kwa ghala la bodi ya nafaka hapa Kitale, au kila boma libaki na magunia yake. Kampuni kubwa za programu zimegawanyika hivyo hivyo, ila zao si mahindi, ni msimbo. (Nikisema kodi utadhani naongea mambo ya landilodi.)

Google wako upande wa ghala moja. Mwaka 2016 wahandisi wao wawili, Rachel Potvin na Josh Levenberg, waliandika kwamba karibu msimbo wote wa kampuni uko mahali pamoja: mistari kama bilioni 2, terabaiti 86. Raha yake? Ukibadilisha kitu kinachotumiwa na timu mia, unawarekebishia wote kwa mpigo mmoja. Amazon na Netflix wanajulikana kwa kinyume chake, kila timu na stoo yake.

Sasa wewe uko Bungoma na laptopu ya mtumba, unauliza hii inakuhusu aje. Inakuhusu kwa bando. Git, ile tunayotumia wengi, kwa kawaida hukushushia historia yote ya mradi. Microsoft walipohamisha Windows kwa Git, stoo ilifika gigabaiti 300 hivi, ikabidi waunde programu ya kushusha faili unazohitaji tu. Hiyo ilikuwa 2017. Kama Microsoft walijikuna kichwa, wewe na bando ya mbao je?

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Mradi wetu wa kwanza tulikuwa watatu, mmoja Kitale, wawili Bungoma, na tuliugawa stoo sita ati kwa sababu tulisoma wakubwa hufanya hivyo. Watu watatu, stoo sita! Nikibadilisha namna ya kuandika namba ya simu huku, malipo yanakataa kule. Mteja akachoka, akaenda. Tulipounganisha zote, usumbufu ule ukaisha wiki hiyo hiyo. Kwa timu ndogo, mimi ni wa stoo moja, sina maneno mengi.

Lakini usichanganye hii na eCitizen. Iliposhambuliwa Julai 2023, wiki chache tu baada ya serikali kutangaza huduma zaidi ya 5,000 pale, wasee walisema ndiyo shida ya kuweka kila kitu pamoja. Huo ni mlango mmoja, siyo stoo moja. Google wana stoo moja, lakini Gmail inaweza kulala na YouTube iendelee.

Kitu tumebakisha kando ni kazi za wateja. Kwa GitHub, ukimfungulia mtu stoo anaona yote iliyomo, na mteja wa Kitale hataki msimbo wake uonwe na kijana aliyetoka Webuye kurekebisha kitufe kimoja.