Aliyoyaacha Mgonjwa

BARAZA LA IJUMAA
Na Mwalimu Rajabu Kombo

Miongoni mwa maradhi yaletayo dhiki kubwa bila ya makelele, sidhani kama yapo mengi yaushindao ugonjwa wa kuziba kwa mishipa ya damu ya miguuni. Kwani mgonjwa wake, aghalabu mtu aliyekwisha kupita miaka hamsini, naye ni mvutaji wa sigara au ana kisukari, akitembea kidogo hubanwa na maumivu katika shavu la mguu, akasimama, na baada ya dakika chache maumivu yakamtoka kana kwamba hayakuwapo, naye akajisemea kuwa huo ni uzee, au ni baridi yabisi, akaendelea na safari yake. Kumbe mafuta yamejilimbika katika kuta za mishipa hata njia ya damu imefinyika, na mguu ambao ukipumzika hutosheka na damu haba, ukitembea hudai ziada isiyoweza kufika. Ilikadiriwa kuwa mwaka 2010 watu zaidi ya milioni 200 duniani walikuwa na ugonjwa huu, na wengi wao si wa nchi tajiri.

Matabibu, tangu Mfaransa René Fontaine alipoyapanga maradhi haya katika madaraja mwaka 1954, wamezoea kuuliza mgonjwa anakwenda masafa gani kabla ya kuumwa, na mita 200 zikafanywa mpaka baina ya hali nyepesi na hali nzito. Sikidharau kipimo hicho, ila nadai kwamba hakitoshi, kwa sababu binadamu ana hila ya kuyapunguza maisha yake mpaka yalingane na maumivu yake. Mzee aliyekuwa akienda sokoni mwenyewe na kuchagua samaki kwa mkono wake, sasa humtuma mjukuu. Aliyekuwa hakosi jamaa msikitini, huswali nyumbani na kutoka Ijumaa tu, kisha hata Ijumaa ikamshinda. Akialikwa harusini hutoa udhuru. Na penye msiba, ambako zamani alikuwa wa mbele kulishika jeneza, huishia barazani kwa wafiwa, maana wachukuzi wa jeneza huenda kwa haraka na yeye hawezi kuandamana nao wala hapendi kuonekana akiachwa nyuma. Mwulize mtu huyo kama miguu yamwuma, naye atakujibu kwa ukweli mtupu kwamba haimwumi. Itamwumaje, ilhali haendi popote?

Cheo nacho hakimwokoi mtu na tabia hiyo ya kuficha. Mfalme George wa Sita wa Uingereza, aliyekuwa mvutaji mkubwa wa sigara, alianza kuumwa na miguu mwaka 1948, akavumilia miezi kadhaa hata ganzi na maumivu yakamnyima usingizi, na alipokwisha kuambiwa ukubwa wa hatari akataka binti yake Elizabeth, aliyekuwa mja mzito, asipewe habari mpaka ajifungue. Safari ya Australia na New Zealand ikaahirishwa, na Machi 1949 tabibu James Learmonth akampasua ndani ya kasri la Buckingham. Mfalme akafariki Februari 1952, damu ikiwa imeganda katika mshipa wa moyo, na binti yake wakati huo yuko Kenya. Maana mishipa ikichakaa miguuni, ya moyo haisalimiki.

Kwamba masafa na raha ya maisha ni mambo mawili, lilidhihirika mwaka 2012 kwa utafiti wa Amerika ya Kaskazini uliowagawa wagonjwa 111: waliofanyishwa mazoezi ya kutembea chini ya usimamizi walizidi wote katika kutembea kwenye mashine, bali walipoulizwa juu ya maisha yao, waliotanuliwa mishipa ndio walioeleza nafuu kubwa zaidi katika mambo mengi. Huko London kulikwisha kutungwa tangu 2001 hojaji ya maswali 25, inayouliza maumivu na shughuli, na pia hofu, huzuni na kukaa na watu. Maswali kama hayo hayahitaji umeme wala mtambo, nami sioni sababu ya kukosekana katika zahanati zetu.

Dawa yenyewe si siri: tumbaku iachwe kabisa, mgonjwa, kwa ushauri wa daktari wake, atembee mpaka maumivu yamzidi, apumzike, atembee tena, mara tatu kwa juma na kwa miezi, ameze dawa za kuzuia damu isigande na za kupunguza mafuta. Mwenye kidonda cha mguu kisichopona, au maumivu ya mguu yamwamshayo usiku, asingoje hata juma moja.

Nanyi mnaoishi na wazee, msiwaulize kama miguu yawauma. Waulizeni ni wapi walikokuwa wakienda mwaka jana na mwaka huu hawaendi tena, kisha wapelekeni kwa daktari, na jibu hilo mlichukue pamoja nanyi.