Kinanda cha Sauti Nyingi: Vijana wa Bombolulu Wanunue Kipi?

Kikundi kimoja cha taarab cha vijana wa hapa Bombolulu kimeweka akiba kwa muda wa miaka miwili. Kila harusi waliyopiga, wakishalipa gari na vipaza sauti, walikata fungu wakalitia katika mfuko wa chama. Sasa mfuko umetimia, na kikao kimegawanyika. Upande mmoja wataka kinanda cha dijitali kilichotengenezewa muziki wa Kiarabu, kile chenye ngoma, udi na qanuni ndani yake. Upande wa pili wataka sintesaiza ya analogi ya sauti nyingi, ya aina iliyorudi madukani duniani katika miaka hii kumi ya karibuni.

Walinijia kwa kuwa huwatungia baadhi ya nyimbo zao. Niliwaomba wiki moja. Jawabu niliyowapa nimeona niiandike hapa, kwani swali hilo si lao peke yao. Liko Likoni na Mtwapa, liko Malindi na Lamu, na Unguja pia liko.

CHOMBO CHENYEWE

Sintesaiza ni kinanda kisichokuwa na uzi wala upepo. Sauti yake yaanzia katika stima. Katika kinanda cha analogi mkondo wa stima hutetemeshwa, ukapitishwa katika chujio la kupunguza ukali wake, kisha ukapimwa nguvu ndipo ukafika katika spika. Mpigaji hushika vifundo kwa mkono wake akaibadili sauti pale pale wimbo ukiendelea. Katika kinanda cha dijitali sauti huwa ni hesabu za kompyuta, na aghalabu ni sauti iliyorekodiwa mahali pengine ikawekwa ndani.

Analogi za mwanzo zilitoa sauti moja tu kwa wakati mmoja. Ukibonyeza vitufe viwili, kimoja hunyamaza. Mwaka 1978 fundi wa Kimarekani Dave Smith alitoa Prophet-5, kinanda cha sauti tano kilichoweza pia kukumbuka mapambo ya sauti aliyoyapanga mpigaji. Mwaka 1981 Roland wa Japani wakatoa Jupiter-8 yenye sauti nane. Kisha mwaka 1983 Yamaha wakaleta DX7 ya dijitali, nyepesi na isiyopotoka sauti, na analogi zikaanza kuachwa.

Zimerudi. Dave Smith mwenyewe alitoa Prophet-6 mwaka 2015, akafariki mwaka 2022 akiwa ameona kazi yake ya ujana ikitafutwa upya. Korg wa Japani walitoa Minilogue mwaka 2016 kwa dola 499, bei ambayo kwa kinanda cha analogi cha sauti nne haikuwahi kufikiriwa zamani. Hapo ndipo kijana wa Kisauni naye alipoweza kuota.

SI MGENI WA KWANZA

Kabla ya kulaumu au kusifu, tukumbuke kwamba taarab yetu ni nyumba iliyopokea wageni wengi. Harmonium ilitujia kutoka Bara Hindi, na marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliijengea jina hapa Mombasa kwa nyimbo za mahadhi ya Kihindi. Taishokoto, kile kinanda cha nyuzi chenye vitufe kama vya taipureta, kilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912, na leo mtu wa pwani akikisikia hudhani kilizaliwa Mji wa Kale. Akodiani ni ya Ulaya. Hata huko Misri, tulikokuwa tukikutazama kama chuo kikuu cha fani hii, Mohamed Abdel Wahab alipomtungia Umm Kulthum wimbo wa "Enta Omri" mwaka 1964 alitia gitaa la stima, na watu walinung'unika kisha wakazoea.

Kwa hivyo ugeni wa chombo si hoja. Hoja ni kama mgeni huyo aweza kusema lugha ya nyumba.

Wahindi waliliuliza swali hili mapema kuliko sisi. Redio ya India iliipiga marufuku harmonium katika matangazo yake tangu mwaka 1940 hadi 1971. Sababu moja kubwa waliyoitoa wapinzani wake ni kwamba vitufe vyake vimekatwa katika ngazi za Kizungu, na haviwezi kuteleza wala kukaa baina ya nota mbili, ambako ndiko raga nyingi zilipo na utamu wake. Marufuku iliondolewa, lakini tatizo lililotajwa lilikuwa la kweli, na ndilo hili letu.

SWALI LA BAYATI

Kinanda cha kawaida kina vitufe 12 katika kila ngazi, vyeupe 7 na vyeusi 5. Maqamu ya hijazi yaweza kupigwa hapo, ya nahawandi kadhalika. Lakini bayati haimo. Ukianzia nota ya Re, ambayo Waarabu huiita duka, nota ya pili ni sika, na sika haipo katika kitufe cheupe cha Mi wala katika kile cheusi kilicho chini yake. Iko katikati ya viwili hivyo. Rast nayo yaitaka sika hiyo hiyo. Mpiga udi huipata kwa kidole, kwa kuwa shingo ya udi haina vigawanyo. Mpiga fidla kadhalika. Mpiga kinanda akibonyeza cheupe amekosea, na akibonyeza cheusi amekosea.

Sisi tuliokaa chuoni kwa maalimu twayajua haya kwa masikio kabla ya kuyajua kwa majina. Maalimu hakututajia bayati. Alisoma, nasi tukafuata. Kuran si wimbo, wala mimi siifananishi na wimbo. Nasema juu ya sikio tu: mtoto wa pwani aliyelelewa kwa visomo na adhana hujua mahali pa sika hata kama hajawahi kushika chombo. Ndiyo maana ukumbini, kinanda kinapopiga Mi ya Kizungu chini ya mwimbaji wa bayati, mama mtu mzima aliyekaa nyuma hukunja uso asijue ni nini kilichomkera.

Basi shauri langu la kwanza kwa vijana lilikuwa hili: msianze kwa kuuliza kinanda kina sauti ngapi. Ulizeni kama sika imo.

VINANDA VITATU NA MPINZANI WAO

Cha kwanza walichokitamani ni Roland Juno-106 ya mwaka 1984, yenye sauti 6 na vitufe 61, inayouzwa mkono wa pili. Sauti yake ni nene na laini, na kwa kuwa mitetemo yake huongozwa na saa ya dijitali, haipotoki ovyo kwa joto. Lakini umri wake wapita miaka 40, na vile vipande vya ndani vinavyobeba sauti vyajulikana duniani kote kwa kufa kimoja kimoja. Juu ya hayo, nota moja moja haipangiki. Una wenzo wa kupinda sauti tu, na ukiupinda, sauti zote hupinda pamoja. Kwa bayati huo ni mkono mmoja uliofungwa.

Cha pili ni Korg Minilogue xd ya mwaka 2019. Sauti zake ni 4, na vitufe ni 37 vyembamba, ambavyo mtu wa vidole vinene atavilalamikia. Ilitoka kwa dola 649. Tukihesabu dola kwa shilingi 129, ni kama shilingi 84,000 kabla ya nauli, ushuru na VAT ya asilimia 16. Faida yake kwetu ni kwamba mpigaji aweza kujipangia ngazi yake, nota moja moja, akaihifadhi. Sika imo, ukiitia.

Cha tatu ni Prophet-6. Sauti 6, vitufe 49 vya kiasi cha kawaida, na sauti ambayo wajuzi wengi huisifu. Nacho kimetiwa ngazi nyingine mbali na ile ya Kizungu. Kilipotoka bei yake ilikuwa dola 2,799, yaani kama shilingi 361,000 kabla hakijagusa bandari. Hiyo ni akiba ya chama yote na deni juu yake.

Mpinzani wao ni kinanda cha dijitali cha Kiarabu, mfano wa Yamaha PSR-A5000 ya mwaka 2021. Hapa tuseme kweli. Kwa upande wa maqamu ndicho kinachowashinda wote kwa wepesi, kwa kuwa kilitengenezwa kwa ajili hiyo: mpigaji hubadili nota kwa nusu akiwa katikati ya wimbo, na sauti za udi na qanuni zimo tayari. Minilogue xd ukitaka kutoka bayati kwenda rast ya mahali pengine, huna budi kuwa umeshajipanga mapema.

Na hizo sauti nne zatosha? Kwa taarab zatosha zaidi kuliko wanavyodhani vijana. Muziki wetu si wa kurundika nota juu ya nota kama wa kanisani. Vyombo vyote hufuata njia moja ya wimbo, kila kimoja kwa pambo lake. Mkono wa kulia ukichukua njia hiyo na wa kushoto ukashika msingi, hata sauti ya tatu hukosa kazi. Upungufu utauona pale tu unapotaka sauti zinazofifia polepole, kwani ukibonyeza nota ya tano, ya kwanza hukatwa.

JOTO, CHUMVI NA STIMA

Pwani ina hukumu zake. Analogi nyingi za kweli, zikiwemo Minilogue xd na Prophet-6, hupanda na kushuka sauti kwa joto. Zina njia ya kujisahihisha, lakini kinanda kikitolewa kwenye gari la moto kikawekwa chini ya feni, kipewe nafasi kipoe kabla ya kusahihishwa. Hewa ya chumvi hula vifundo, kwa hivyo kifuniko cha kitambaa kavu si anasa.

La hatari zaidi ni stima. Yetu ni volti 240. Kinanda kikuukuu kilichotoka Japani kilitengenezewa volti 100, na cha Marekani 120. Ukikichomeka bila transfoma, akiba ya miaka miwili itakuwa moshi kwa sekunde moja. Jenereta la harusini nalo hupanda na kushuka, basi kidhibiti cha stima kinunuliwe siku moja na kinanda, si baadaye.

NGOMA NI YA NANI?

Nimefika penye moyo wa jambo. Kinanda cha dijitali kina ngoma ndani yake. Ukikinunua, wa kwanza kuondoka ni mpiga dumbak. Wa pili ni wa rika. Baada ya mwaka mmoja mwenye harusi atauliza kwa nini alipe watu saba ilhali sauti zote zatoka kwa mmoja. Nimeziona harusi za mtu mmoja, kinanda kimoja na flashi ya nyimbo zilizorekodiwa. Watu walicheza, sikatai. Na mzazi mwenye kipato kidogo simlaumu, maana ukumbi na pilau havingoji.

Lakini chama hiki kiliwekwa na watu saba, na pesa zilizo mfukoni ni jasho la saba. Si haki pesa hizo zinunue chombo kitakachowatoa wanne kati yao. Sintesaiza ya analogi haina udi wala dumbak ndani yake. Haijui kuiga qanuni, na atakayeinunua kwa tamaa hiyo atajuta. Ina sauti yake yenyewe, na lazima ikae kando ya wenziwe. Upungufu huo ndio uliouponya mkate wa mpiga ngoma.

Wako ndugu zetu wasemao kwamba ala zote hazifai, ziwe za uzi au za stima. Hoja hiyo ina wanavyuoni wake na vitabu vyake, wala ukurasa huu si mahali pa kuikata. Ninalolisema ni kwamba anayeshika chombo basi na akishike kwa uaminifu.

SHAURI

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Niliwaambia vijana wasinunue kwa picha. Aende mpiga kinanda pamoja na mpiga udi. Kwanza watie sika, na mpiga udi apige bayati pamoja nacho. Masikio yakikataa, warudi nyumbani. Pili, wakiwashe nusu saa kisha wasikilize kama kimehama. Tatu, wasome volti nyuma yake. Nne, waulize ni nani Mombasa atakayekitengeneza.

Kikipita, mimi ningechukua kile kidogo cha sauti nne, nikavumilia vitufe vyembamba. Zitakazobaki zinunue kidhibiti cha stima, zitie nyuzi mpya katika udi uliolala ukutani, na zimpeleke mmoja wao, japo kwa muda mfupi, Unguja katika chuo cha muziki kijulikanacho kwa herufi DCMA, kilichofunguliwa mwaka 2002, akajifunze fidla au qanuni kwa walimu.

Kikao chao ni Jumapili hii, baada ya alasiri. Mpiga dumbak, niliyemwona amekaa kimya siku zote mbili walizonijia, ameniomba nije. Nimemwahidi nitakuja.