Kidonge cha Mafua na Usingizi Wake

Katika nyumba za mwambao wetu ni nadra kukuta kikapu cha dawa kisicho na Piriton. Mtoto akipiga chafya hupewa, mama akitokwa na vipele humeza, na babu akikosa usingizi huletewa kimoja na maji. Bei yake ni ndogo na muuzaji haulizi cheti cha daktari, basi watu wameihesabu kuwa dawa isiyo na madhara. Hesabu hiyo twaiona ina kasoro.

Mwili wenye mzio ukikutana na vumbi au manyoya ya paka, hutoa kemikali iitwayo histamini, nayo ndiyo iletayo mwasho, kamasi na uvimbe. Dawa hizi huizuia. Lakini histamini iliyomo ubongoni ina kazi nyingine, nayo ni kumweka mtu macho. Dawa za zamani, kama klofeniramini iliyomo katika Piriton na promethazini iliyomo katika Phenergan, hupenya hadi ubongoni na kuizuia huko pia. Ndipo usingizi unapoingia.

Wala usingizi huo haumaliziki kwa kulala. Klofeniramini hutoka mwilini polepole. Kwa mtu mzima, nusu yake yaweza kuwamo bado baada ya saa 20. Aliyemeza usiku huamka nayo. La kuogofya zaidi, mtu aweza asijihisi na usingizi wowote, ilhali jicho na mkono vimekwisha kupungua wepesi. Amfikirie hayo dereva aondokaye Malindi alfajiri na abiria nyuma yake, na kijana wa bodaboda, na fundi aliye juu ya ngazi.

Wazee wetu ndio tunaowahofia kuliko wote. Dawa hizi za zamani hukausha: kinywa hukauka, choo hufunga, macho huona ukungu, na mwenye tezi dume iliyovimba huweza kuzuilika mkojo kabisa. Mwenye presha ya macho naye huzidishiwa shida. Kisha kuna kuchanganyikiwa. Bibi aliyekuwa na akili zake timamu huanza kuita majina ya waliokwishafariki, akiamka usiku huyumba na kuanguka. Jamaa husema ni uzee. Wengine, Mungu atusamehe, hukimbilia kusema ni mashetani na kutafuta mganga. Kabla ya yote hayo, tuulize: Bibi amepewa dawa gani wiki hii? Na tusome karatasi zote, kwa kuwa dawa nyingi za mafua za mchanganyiko zina klofeniramini ndani yake, na anayezinywa pamoja na Piriton amekunywa dawa moja mara mbili.

Kwa watoto tutasema machache. Promethazini haifai kupewa mtoto aliye chini ya miaka 2, kwani yaweza kumdhoofisha pumzi. Na kumnywesha mtoto dawa ili alale, mama apate kupumzika, si matibabu.

Nini basi badala yake? Zipo dawa mpya zaidi ambazo haziingii sana ubongoni: loratadini, setirizini na feksofenadini. Setirizini bado huwalaza baadhi ya watu, kwa hiyo anayeanza kuitumia aijaribu usiku asioendesha gari kesho yake. Feksofenadini imezwe kwa maji, si kwa maji ya machungwa, ambayo huipunguzia nguvu. Loratadini na setirizini hunywewa mara moja kwa siku, na hapo mfungaji hupata nafuu kubwa. Piriton hutakiwa kila baada ya saa 4 hadi 6, na tumewasikia wanaomeza viwili vitatu kwa pamoja wakati wa daku ili viwafikishe magharibi. Kutwa nzima huwa wanasinzia kazini.

Ambaye shida yake ni pua kuziba mwezi hadi mwezi, vidonge havitamtosha. Dawa ya kupuliza puani yenye steroidi humfaa zaidi, ila huchukua siku kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake, na wengi huitupa siku ya pili. Katika Ramadhani aipulize usiku, atoke katika khilafu ya wanavyuoni. Atazame pia mito ya sufi ya miaka mingi, mazulia, na moshi wa udi chumbani: kuanika matandiko juani na kuyafua kwa maji ya moto kila wiki hakugharimu kitu.

Mjamzito, mwenye maradhi ya figo, na anywaye dawa nyingine za kila siku, wamuulize mfamasia kwanza.

Na lipo jambo moja lisilongoja kidonge chochote, kipya wala cha zamani. Mtu akila kamba au akiumwa na nyuki, kisha midomo na ulimi vikavimba, sauti ikakauka, pumzi ikabana au akazirai, huyo huhitaji sindano ya adrenalini. Apelekwe hospitali saa ileile, bila kukaa kungoja kidonge kifanye kazi.