Wavumao Papa

Tarehe 31 Desemba 2020, mke wa MF DOOM alitangaza kwamba mumewe alikwisha kufariki tangu tarehe 31 Oktoba, akiwa na umri wa miaka 49. Miezi miwili mizima sisi mashabiki tuliendelea kusubiri albamu ya marehemu. Nilihuzunika, kisha nikakasirika, na kilichonikasirisha ni rambirambi. Wengi niliowasikia walimlilia kwa kusema kwamba alistahili kuwa staa mkubwa, ila kwa bahati mbaya aliishia andagraundi. Kwangu mimi hilo ni tusi kwa marehemu.

Kwetu Afrika Mashariki, andagraundi ni msanii ambaye bado hajatoka. Kijana akirapu hapa chuoni, swali la kwanza tunalomuuliza ni, "Utatoka lini?" Tunaifanya andagraundi kuwa foleni, na kila aliyemo tunamwona anasubiri kuitwa jina lake. Maisha ya DOOM yanapinga fikra hiyo.

Jina lake halisi lilikuwa Daniel Dumile. Baba yake alitoka Zimbabwe, mama yake Trinidad. Yeye alizaliwa London akakulia New York. Huyu alikwisha kutoka mapema: kundi lake, KMD, lilikuwa na mkataba na Elektra, kampuni kubwa ya muziki. Mwaka 1993 mdogo wake Subroc, ambaye alikuwa naye kundini, aligongwa na gari akafa. Mwaka uliofuata kampuni ikaizuia albamu yao ya pili kwa sababu ya picha ya jalada, na mkataba ukavunjika. DOOM akatoweka kwa miaka kadhaa. Aliporudi alikuwa amefunika uso, na mwaka 1999 alitoa Operation: Doomsday kupitia lebo ndogo. Mtu kama huyo huwezi kusema alishindwa kutoka. Alitoka, akayaona ya huko nje, akachagua kufanya kazi pasipo bosi wa kumchagulia jalada.

Na kazi ilifanyika. Madvillainy, aliyoitoa na Madlib mwaka 2004, ina nyimbo 22, nyingi fupi, na karibu zote hazina kiitikio. Ni maneno tu, mwanzo hadi mwisho. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tulipaswa kuwa wa kwanza kumwelewa. Darasani tunahesabu mizani nane kwa nane, tunasaka vina vya kati na vya mwisho. DOOM alisambaza vina katika mstari mzima, silabi tatu au nne kwa mpigo, na bado hadithi ikaendelea. Mwalimu anayeiita rapu kelele, namwomba kwa heshima ahesabu vina kwanza, kisha tubishane.

Simtakasi. Kuna maonyesho aliyotuma watu wengine wavae kinyago chake na kupanda jukwaani badala yake, na waliolipa kiingilio walikuwa na haki ya kuzomea. Lakini kinyago chenyewe kilikuwa na hoja: sikilizeni maneno, uso hauwahusu. Kwa Kizulu, kitenzi duma kina maana ya kunguruma na pia ya kupata sifa, sawa na vuma yetu, na dumile ni aliyekwisha kuvuma. Mwenye jina hilo ndiye aliyeficha uso. Wahenga wetu nao walisema: baharini wavumao papa, kumbe wengi wapo.

Hao wengi wapo hata hapa Kampala. Babaluku na wenzake wa Bataka Squad walirapu kwa Kiganda na kujenga mtindo wa Lugaflow wakati ambapo Kiingereza ndicho kilichohesabiwa kuwa lugha ya rapu. Baada yao wapo vijana tunaopishana nao kila siku kwenye ngazi za maktaba, daftari mkononi. Tutawalilia vizuri sana siku wakifa. Mimi naomba tulipe kiingilio chao wangali hai, na walimu wetu wauweke walau ubeti mmoja wao kwenye somo la ushairi. Na tukikutana nao, tusiwaulize tena watatoka lini. Tuwaulize wameandika nini wiki hii, kisha tukae tusikilize.