Wenye Haisi, msikate bomba la moshi



Naomba niseme neno juu ya magari madogo ya abiria, hasa haya tunayoyaita Haisi. Ndiyo tegemeo letu sisi wa vijijini kwa kwenda hospitali, kwenda mnadani na hata kuwapeleka wanafunzi kwenye michezo.

Mengi ya magari haya ni ya zamani. Kampuni ya Toyota ilianza kutengeneza HiAce mwaka 1967, na aina iliyotoka mwaka 1989 ingali barabarani. Sisemi magari makuukuu yaondolewe, maana yakiondolewa wengi wetu tutatembea kwa miguu. Ninachosema ni kwamba uzee wa gari si ruhusa ya kuwavutisha abiria moshi.

Imezuka tabia mbaya. Bomba la moshi likioza, baadhi ya wenye magari hawaliungi wala hawanunui jingine. Hukata kipande kibovu, na gari likaendelea na kazi huku likitoa moshi chini ya sakafu badala ya kuutoa nyuma. Sakafu yenyewe imekwisha kuliwa na kutu. Tena mlango wa nyuma umefungwa nusu kwa kamba kwa sababu magunia yamezidi, na gari likienda mbio moshi huvutwa na kurudi ndani kupitia mlango huo. Huku kwetu Makete kwenye baridi, abiria wamefunga vioo vyote. Basi watoto huanza kuumwa kichwa, kusinzia na kutapika, na utingo huwaambia wanuse ndimu kwa kuwa hawajazoea gari.

Ni kweli wapo wanaochefuliwa na gari. Lakini abiria watano wakiumwa kichwa kwa pamoja, kisha wakapata nafuu mara washukapo, hapo ndimu haina kazi. Moshi wa injini una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, hewa ile ile inayowaua watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hata damu ikashindwa kubeba hewa safi. Injini ya petroli hutoa sumu hii nyingi kuliko ya dizeli, lakini mwenye dizeli asijitape. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Kuugundua ubovu huu hakuhitaji mitambo. Asubuhi injini ikiwa bado ya baridi, dereva aiwashe asikilize. Akisikia mlio wa kupuliza karibu na injini, ambayo katika Haisi iko chini ya viti vya mbele, ajue pengine gasketi ya bomba inapoungana na injini imeungua. Masizi meusi kwenye maungio huonyesha mahali moshi unapotokea. Fundi akiziba mdomo wa bomba kwa tambara nene kwa muda mfupi tu, penye tundu patalia.

Rangi ya moshi nayo ina maana yake. Moshi mweusi katika gari la dizeli ni mafuta mengi na hewa haba, kama jiko la kuni lililosongwa. Fundi aanze na chujio la hewa, ambalo kwa vumbi la barabara zetu huziba upesi, ndipo aende kwenye nozeli na pampu. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, yaani ringi za pistoni au sili za valvu zimechoka. Moshi mweupe wa dakika chache asubuhi si neno. Lakini usipokoma, na maji ya rejeta yakawa yanapungua, aghalabu gasketi ya silinda hedi imekwisha. Dereva wa namna hiyo asiendelee na safari kwa kuchota maji kila kijito, kwa sababu maji yakiingia kwenye oili injini nzima itakufa.

Wenye magari watasema vipuri ni ghali. Injini ni ghali kweli. Lakini kuunga bomba ni kazi ya fundi yule yule anayechomelea mageti na madirisha, na fedha ya rangi mpya na maandishi ya vioo mbona hupatikana?

Kwa hiyo nawaomba Polisi wa Usalama Barabarani na wenzao wa LATRA kwamba ukaguzi usiishie kwenye taa, breki na matairi. Mkaguzi ainame, aone bomba la moshi linaishia wapi. Walimu wenzangu, kabla ya kukodi Haisi ya kuwabeba watoto, tumwambie dereva awashe injini, nasi tuchungulie chini na nyuma. Gari ambalo bomba lake halifiki nyuma tulikatae, hata kama bei yake ni nafuu. Na sisi abiria tusione haya kumtaka dereva asimame na kufungua vioo watu wanapoanza kuumwa.

Gunia la viazi halivuti pumzi, ndiyo maana linaweza kukaa mahali popote. Mtoto anavuta pumzi, na mwenye gari anayepokea nauli yake amekubali kumfikisha salama.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Makete.