Sarafu za Marehemu Mama: Herufi, Madini na Haki ya Mirathi



Mama zangu na dada zangu, juma lililopita, baada ya sala ya Alasiri, walinijia kaka na dada yake wa hapa Likoni, wamebeba kopo la marehemu mama yao. Ndani yake mlikuwa na riale 12 na shilingi 60 za Afrika Mashariki za enzi ya ukoloni. Warithi ni wao wawili tu, na deni wala wasia haukuwapo. Kaka alipendekeza achukue riale zote na shilingi amwachie dada, kwani sitini ni nyingi kuliko kumi na mbili. Tena akasema kwamba zenye herufi SA zimetoka Saudi Arabia, basi ni fedha tupu. Dada alikuwa karibu kuridhia. Kwa idhini yao nawaeleza niliyowajibu.

Herufi ndogo kwenye sarafu hutaja mahali ilipopigwa chapa. Jambo hilo si geni kwetu: dirhamu za Khalifa Abdul-Malik bin Marwan ziliandikwa jina la mji na mwaka wa Hijria. Katika shilingi zetu za zamani, SA ni Pretoria, Afrika Kusini. I ni Bombay. H na KN ni viwanda viwili vya Birmingham, Uingereza. Hakuna herufi hata moja kati ya hizo inayotaja kiasi cha fedha.

Kinachotaja fedha ni mwaka. Shilingi ya Afrika Mashariki ya kuanzia 1921 hadi 1946 ina uzito wa gramu 7.78, na robo yake tu ndiyo fedha, yaani gramu 1.94. Zilizopigwa kuanzia 1948 ni shaba na nikeli, hazina fedha kabisa. Wenye jamaa Marekani watakuta hali kama hiyo: robo dola ya 1964 ina fedha 90 kwa mia, na ya 1965 haina, ingawa kwa macho zafanana. Wala sumaku haitawasaidia, kwa kuwa hainasi fedha, wala hainasi shaba na nikeli ya shilingi hizo.

Riale nayo ina mambo yake. Ina sura ya malkia Maria Theresa wa Austria na mwaka 1780, lakini mwaka huo haukubadilishwa hata ilipoendelea kupigwa Vienna, London, Bombay na kwingineko kwa miaka mingi baadaye. Uzito wake ni gramu 28.07, na fedha safi ndani yake ni gramu 23.39. Kwa hiyo riale moja ina fedha ya shilingi kumi na mbili zile za zamani.

Tulizipanga shilingi kwa miaka. Zenye fedha zilikuwa 36, na 24 hazikuwa nayo. Fedha yote ya kopo ilikuwa kama gramu 351. Haki ya dada ni theluthi, gramu 117. Kwa mgawo wa kaka angepata gramu 70 tu, huku akidhani amependelewa! Riale tano peke yake zinatimiza haki yake. Kaka apate riale saba na shilingi 36 zenye fedha. Zile 24 wagawane 16 kwa 8. Na iwapo mnunuzi atazithamini kwa uadimu wake, ni salama zaidi kuziuza zote na kugawana pesa.

Waliuliza pia kuhusu zaka. Nisabu ya fedha ni gramu 595, na katika madhehebu yetu ya Shafii sarafu iliyochanganywa huhesabiwa fedha yake safi tu. Riale 26 zinafika nisabu. Shilingi za zamani hazifiki mpaka ziwe 307. Fedha ya kopo hili peke yake haijafika.

Kaka hakuwa na nia mbaya. Alihesabu vipande, akasahau uzito. Lakini Suratul-Mutaffifin inatuonya juu ya kupunja vipimo, na dhuluma ya kutojua humpunguzia mwenye haki sawa na ya makusudi. Basi dada zangu, msiridhie mgawo kwa kuona haya mbele ya kaka zenu. Soma mwaka, pima uzito kwa sonara muaminifu, kisha chukua fungu alilokupa Mola wako.

Wallahu aalam.