Chanjo ya HPV haina nyama ya mtu

Huku kwetu Kyela maneno kuhusu chanjo ya HPV huanzia kwenye protini zake. Upande wa Ipinda, mama mmoja alimshika binti yake mkono akamtoa kwenye foleni ya chanjo, kisa kasikia ina "vitu vya binadamu".

Tuelewane. Protini za binadamu zinazotengenezwa maabara zipo: jeni ya mtu hupandikizwa kwenye bakteria, nao huzalisha protini kama p53, ile inayozuia seli kugeuka saratani. Hizo za utafiti hubaki maabara. Majaribio ya mwaka 1990 yalionyesha kuwa protini E6 ya kirusi cha HPV huifanya p53 iharibiwe. Ndiyo njia mojawapo ya kuelekea saratani ya mlango wa kizazi.

Chanjo ni jambo jingine. Gardasil, mojawapo ya chanjo za HPV, huzalishwa kwa hamira, jamii ile ile ya maandazi, iliyopewa jeni ya ganda la kirusi. Ganda hilo ni tupu, haliambukizi.

Mwaka 2024 Tanzania ilianza kutoa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, bure. Utafiti wa DoRIS uliopima dozi hiyo ulifanyika Mwanza, kwa wasichana 930.

Wazazi wenzangu wa Matema, Ngonga na Ipinda, ugonjwa ukishakomaa safari ni Mbeya au hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Muulizeni muuguzi maswali yote, kisha mwacheni binti achanjwe.